Aliyesalimia Amesimama

Kulikuwa na wakati, na wapo walio hai wanaoukumbuka, ambapo ukitembea alfajiri katika vijiji vya kuzunguka Kharumwa ulipokewa kwa magoti. Wasichana wakirudi kisimani walitua ndoo, wakapiga magoti kwenye umande, wakasema "Mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, kisha wakangoja. Mkubwa aliitikia, akauliza habari za baba, za bibi, za ng'ombe mgonjwa. Hakuna aliyekimbilia kokote. Siku hizi kuna makarasha. Mashine hizo za kusagia mawe ya dhahabu huanza kunguruma jogoo akiwa bado anawika, vumbi jeupe linatanda hadi kwenye majani ya mihogo, na kijana anakupita na simu sikioni kana kwamba wewe ni kisiki kilichosahaulika njiani.

Scolastika alikuwa miongoni mwa wachache waliobaki wakiidai salamu yao. Alikuwa mjane, mama wa Theonest, kijana aliyehamia Geita mjini, na kila asubuhi alikaa kwenye kibanda chake cha mabua karibu na karasha, akiuza uji wa ulezi na mihogo ya kukaanga. Mchimbaji aliyenyoosha mkono kuchukua kikombe kabla ya kufungua mdomo alikiona kikombe kikirudi nyuma.

"Mama Theonest, nina njaa bwana."

"Njaa yako haina shikamoo?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Sasa umekuwa mtu. Kunywa."

Wachimbaji walicheka, lakini walisalimia. Walitoka Kahama, Mbeya, Singida na kwingine kusikojulikana, na wengi wao hawakuwa na mtu mwingine wa kuwauliza wameamkaje.

Jirani yake wa biashara alikuwa Mwamvua, mwanamke wa Ujiji aliyeletwa huku na mume, akaachwa na mume, akabaki na dagaa. Alizifuata Nkome kwenye mwalo, mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, akaziuza kwa kopo hapo hapo pembeni mwa uji. Ulimi wake haukuwa na breki. "Shoga," alikuwa akimwambia Scolastika, "wewe ungekuwa askari wa mpakani, hata marehemu wasingepita bila kusalimia."

Mtoto aliyemsalimia Scolastika vizuri kuliko wote aliitwa Noela. Alikuwa na miaka tisa, na hakuwa damu yao. Mama yake, Rebeka, alitoka upande wa Chato, Mzinza, akaolewa na Deusdedit, mdogo wake Scolastika, akaja na binti huyo wa mume wa kwanza. Kila alfajiri Noela alipita na ndoo yake ya maji, akaitua, akapiga magoti yote mawili chini, viganja pamoja, na kusema, "Shikamoo shangazi," kwa sauti ndogo ya kinanda. Scolastika alimpa kikombe cha uji. Aliwaambia wachimbaji, "Mnamwona? Huyu amezaliwa jana lakini amelelewa juzi."

Kuhusu Deusdedit, ni lazima yaelezwe haya ili yanayofuata yaeleweke. Mama yao alikufa Deusdedit akiwa anatambaa. Scolastika alikuwa msichana mdogo, akambeba mgongoni. Alimbeba akienda shamba, akienda kisimani, akienda kanisani, hata watu wakatania kwamba huyu hataolewa maana tayari ana mtoto. Miaka mingi baadaye, Scolastika alipofiwa na mume na shemeji zake wakamtoa nyumbani, ni Deusdedit aliyemfuata, akamrudisha kwenye boma la baba yao na kumjengea nyumba ya bati kwa mikono yake. Deusdedit alifanya kazi ya kulisha mawe karashani. Alikuwa mtu wa kwanza kufika msibani, mtu wa kuchimba kaburi bila kuombwa. Hakuna mtu kijijini ambaye angesema neno baya juu yake.

Basi asubuhi moja Noela alipita, akatua ndoo, akasalimia amesimama.

"Shikamoo shangazi."

Scolastika hakuitikia. Alikoroga uji. Wachimbaji waliokuwa wamekaa kwenye gogo walitazamana.

"Ala!" alisema mmoja. "Naye shule imeshamharibu."

"Ni televisheni hiyo," alisema mwingine. "Wanaangalia kwa wenye baa."

"Noela," alisema Scolastika, "miguu yako imeota kutu?"

Mtoto aliitazama ndoo yake.

"Ninakuuliza. Jana ulikuwa na magoti. Leo umeyauza kwa nani?"

Watu walicheka, na Scolastika mwenyewe akacheka kidogo, kwa uchungu wa mtu anayeona kitu cha mwisho alichokiamini kikimponyoka. Huyu naye, aliwaza. Hata huyu. Akakifunika kikombe cha mtoto kwa sahani.

"Salimia vizuri, unywe uji wako."

Noela alishika ukingo wa ndoo. Akainama taratibu, kama bibi kizee anayeshuka mtumbwini, goti moja likaelekea chini. Hakulia. Lakini asubuhi ile ilikuwa ya baridi, wachimbaji wamejifunika makoti, na Scolastika akaona jasho likichomoza juu ya mdomo wa mtoto kama matone kwenye mtungi. Gauni lilikuwa limegandia mbele ya miguu. Pale lilipogandia palikuwa na rangi ya udongo mwekundu, na vumbi la pale ni jeupe.

"Simama," alisema Scolastika. Sauti yake ilibadilika hata Mwamvua akageuka. "Simama mama. Usipige magoti. Njoo huku nyuma."

Nyuma ya kibanda alililowesha gauni kwa maji ya vuguvugu na kulibandua polepole. Magoti hayakuwa magoti. Ngozi ilikuwa imechanika vipande, na ndani ya nyama, zikiwa zimezama na kuzungukwa na usaha, zilikuwamo chembe za mawe meupe yenye ncha. Scolastika alizijua. Aliishi na vumbi lake kila siku. Zilikuwa kokoto za karasha.

"Nani amekufanya hivi?"

"Ninakojoa kitandani, shangazi."

"Sikukuuliza hilo."

"Baba amenimwagia kokoto uani. Ananipigisha magoti mpaka godoro likauke."

Hayo ndiyo aliyoyasema, kwa sauti ile ile ya salamu. Scolastika aliketi chini kwenye majivu. Tangu azaliwe alikuwa ameona mambo mengi yakiibwa: ng'ombe, mashamba, waume, mito iliyogeuzwa matope ya kuoshea dhahabu. Hakuwa ameona mtu akiiba heshima yenyewe, akichukua magoti ambayo mtoto humpa mkubwa kwa hiari, na kuyafanya kinu cha mateso. Na aliyefanya hivyo alikuwa amelala mgongoni mwake akiwa mtoto. Juu ya yote, yeye mwenyewe muda mfupi uliopita alikuwa amemdai mtoto yule arudie adhabu ile, kwa kikombe cha uji.

Alikwenda kwa Rebeka. Wifi yake alikuwa akipepeta mahindi, na hakuinua macho.

"Alianguka karashani, wifi."

"Rebeka."

"Alianguka. Naomba uniache, wifi. Nitaenda wapi mimi?"

Kwa desturi, jambo la ndani ya boma hupelekwa kwa mkubwa wa boma. Huyo alikuwa baba yao mkubwa, Sostenes, mzee mrefu wa kofia ya pama, aliyewahi kuwa kiongozi wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, na ambaye bado alitembea kama mtu anayesikilizwa. Alasiri ile alimwita Deusdedit, akawaketisha wote uani. Deusdedit hakukataa. Alitazama mikono yake.

"Nilikuwa ninamfundisha," alisema. "Ni mkubwa sasa. Majirani wananusa godoro. Mimi nililelewa kwa fimbo."

"Nani alikulea kwa fimbo?" Scolastika aliuliza. "Nilikulea mimi. Ulinikojolea mgongoni miaka miwili. Fimbo iko wapi?"

Mzee Sostenes aliinua mkono. Akasema kosa limeonekana, Deusdedit atatoa mbuzi, na mtoto atapelekwa Nkome kwa jamaa wa mama yake akaanike dagaa mpaka magoti yapone. Pikipiki itakuja kesho asubuhi. Na habari hii ikomee uani pale, kwa sababu Deusdedit ndiye anayelisha nyumba nne, ikiwemo ya Scolastika.

"Na akirudi?" aliuliza Scolastika.

"Akirudi atakuwa amepona."

"Na uani patakuwa na kokoto zile zile, baba mkubwa."

"Wewe umekuwa mama yake Deusdedit," mzee alisema bila hasira, na ndiyo sababu maneno yalipenya. "Mama gani anamtoa mwanawe?"

Alirudi kibandani akamkuta Mwamvua anafunga dagaa zake. Akamsimulia yote. Mwamvua, ambaye siku zote alikuwa na la kusema, aliacha kufunga, akafuta mikono kwenye kanga. Kisha akatoa simu yake yenye kioo kilichopasuka.

"Moja moja sita," alisema. "Imeandikwa ukutani zahanati, ninaiona kila nikienda kupima presha. Ni ya watoto. Haikatwi hata senti."

"Niwaambie nini? Kwamba mdogo wangu ni mnyama?"

"Waambie ulichokiona, shoga. Mnyama watamtambua wenyewe."

Aliyepokea alikuwa kijana, Scolastika hakumwona wala hakumjua, na alikuwa mbali kiasi ambacho hakuweza kukifikiria. Alijitayarisha kuulizwa jina la mkosaji, kabila, ushahidi. Kijana akauliza, "Mama, mtoto yuko wapi sasa hivi? Amekula?"

Amekula. Hilo ndilo swali ambalo zamani kila mlango ulimwuliza kila mtoto aliyepita, awe wa nani. Uani kwa mzee Sostenes walikuwa wamezungumza alasiri nzima, hakuna aliyeuliza. Sasa linatoka ndani ya kitu chenye kioo kilichopasuka, kwa mtu asiyekuwa na uso. Scolastika akajibu kwamba mtoto yuko kwa mama yake na bado hajala, na alipojibu akaanza kulia. Kijana alimngoja amalize. Alimwambia asigombane na mtu, na kwamba ustawi wa jamii wilayani wanaarifiwa, watafika kesho.

Lakini kesho ilipofika, pikipiki ilifika kwanza.

Scolastika aliisikia ikizima mlangoni kwa Deusdedit. Akatoka mbio, kanga ikimdondoka. Noela alikuwa ameshapakiwa, amekaa upande kwa sababu magoti hayakunjiki, na kifurushi mapajani. Rebeka amesimama mlangoni kama mti. Deusdedit alikuwa anamlipa dereva. Barabarani hapakuwa na ustawi wala askari, ila vumbi tu na mashine zinazonguruma.

Ndipo Scolastika akapiga mwano.

Wasioujua mwano waambiwe. Ni yowe la Wasukuma, sauti moja inayopanda na kukatika, inayotolewa kiganja kikiwa mdomoni. Ulipigwa kwa ng'ombe walioibiwa, kwa moto, kwa simba. Aliyeusikia alitoka, hata akiwa anakula, hata akiwa anamzika mtu wake. Asiyetoka hakupewa moto wala maji na jirani yeyote, na aliyeupiga bure alitozwa faini. Siku hizi watu hupigiana simu, na wezi wanafika salama wanakokwenda. Pale kijijini ulikuwa haujasikika kwa miaka mingi, na wako vijana waliokuwa hawajausikia kamwe.

Hata hivyo watu walitoka. Hilo Scolastika hatalisahau. Mashine zilizimwa moja baada ya nyingine mpaka bonde likanyamaza, na katika ukimya ule zikasikika nyayo. Wanaume walikuja na fimbo, wanawake na majembe, wachimbaji wa Mbeya na Singida, wasiojua hata neno la Kisukuma, walikuja na nyundo zao kwa sababu waliona wenzao wanakimbia. Hata mzee Sostenes alikuja, na rungu lake la enzi za sungusungu.

"Ng'ombe wa nani?" watu walipiga kelele. "Wameelekea wapi?"

"Hakuna ng'ombe," alisema Scolastika. Akaenda kwenye pikipiki, akapandisha pindo la gauni la Noela mbele ya macho ya watu wote.

Kisha mtu akasema, "Nani?" na watu wakatazama kokoto uani, wakamtazama Deusdedit. Kilichofuata hakikuwa cha kupangwa. Fimbo ya kwanza ilimpata begani, ya pili kichwani, akaanguka, na umati ukamfunika jinsi umati wa mwano ulivyowafunika wezi wa ng'ombe, ambao wengi wao hawakuinuka.

Scolastika aliwapenya kwa viwiko. Akajitupa juu ya mdogo wake, tumbo lake mgongoni mwake, na fimbo mbili zilizokuwa zinashuka zikampata yeye.

"Sikuwaita muue!" alipiga kelele. "Nimewaita mzuie! Aliyekuja kuua arudi kwake!"

"Ondoka Mama Theonest, huyu ni shetani!"

"Ni shetani wangu! Nimembeba mimi! Atajibu akiwa hai!"

Hapo ndipo, kati ya vumbi na fimbo zilizoinuliwa, ilipofika pikipiki nyingine na nyuma yake gari la polisi. Aliyeshuka kwenye pikipiki alikuwa msichana tu, mwembamba, wa viatu vya mpira vyenye tope mpaka magotini. Aliitwa Loveness, afisa ustawi wa jamii. Nyuma yake alitoka askari wa kike wa dawati la jinsia na watoto. Askari aliwatawanya watu, akamwinua Deusdedit na kumpeleka garini. Loveness hakumtazama Deusdedit wala kuuliza nani kiongozi hapa. Alivua kitenge alichojitanda, akakiweka mapajani kwa Noela na kuyafunika magoti yale.

"Tusimwoneshe kwa watu, mama," alimwambia Scolastika taratibu. "Ni mwili wake."

Scolastika aliona aibu iliyomwunguza masikio. Alikuwa amefanya kama ilivyofanywa zamani, kitu kilichoibwa huonyeshwa wazi. Hakuwa amefikiri kwamba kitu chenyewe kina macho na kinawaona watu.

Kisha Loveness akafanya jambo ambalo lilizungumzwa kijijini kuliko hata mwano. Alipiga magoti. Palepale kwenye vumbi, afisa wa serikali, mbele ya wazee na marungu yao, alishuka chini mpaka uso wake ukawa chini ya uso wa mtoto.

"Hujambo Noela. Mimi naitwa Loveness. Unaniruhusu nikae hapa karibu yako?"

Noela alimtazama. Hakuwa amewahi kuombwa ruhusa. Akaitikia kwa kichwa, na afisa akakaa chini, mgongo kwenye gurudumu la pikipiki, kana kwamba hana kazi nyingine duniani. Mzee Sostenes alilishusha rungu lake. Mdomo wake ulikuwa wazi.

Mtoto alipelekwa hospitali, kwenye kitengo kinachopokea watoto wa aina hiyo, ambapo daktari, askari na mshauri wako mlango mmoja, asisimulie mara tatu. Chembe zilitolewa moja moja. Deusdedit alikiri mbele ya hakimu, na Noela alizungumza katika chumba kidogo bila kumwona wala kuonwa na umati. Deusdedit alifungwa.

Wengi hudhani mambo huishia hapo. Kwa Scolastika yalianzia hapo.

Mzee Sostenes alitoa neno moja, wala hakulitoa kwa sauti kubwa. Alisema Scolastika asisalimiwe. Basi mwanamke ambaye alikuwa amewalazimisha wageni wa Tanzania nzima kusalimia, akaamka na kuwaona ndugu zake wakipita mbele yake kama mbele ya jiwe. "Mwangaluka," alisema, na mwangaluka yake ikaanguka chini. Uji ulipoa sufuriani. Rebeka naye aliitwa aliyemuuza mumewe, ingawa hakuwa amefungua mdomo. Boma lenye nyumba nne likanyamaza.

Loveness alirudi. Scolastika alidhani ni mara moja, kuweka sahihi ya serikali na kuondoka. Akaja tena, na tena. Hakuja na hotuba. Alikaa na Rebeka akimsaidia kumenya karanga, na siku moja, huku anamenya, hakumwuliza swali ambalo kila mtu aliliuliza, kwa nini ulinyamaza. Aliuliza, "Na wewe alikuwa anakupiga?" Rebeka alimenya karanga nyingine tatu. Kisha akapandisha mkono wa blauzi mpaka begani, akalia kwa mara ya kwanza tangu ile pikipiki.

Ilikubaliwa Noela alale kwa Scolastika, mama yake hatua chache kutoka pale, mpaka nyumba itulie. Mshauri wa hospitali alieleza kwamba mkojo ule ulikuwa hofu tu. Scolastika alimlaza ubavuni mwake jinsi watoto walivyolazwa kwa bibi zamani, kabla kila mtu hajajenga chumba chake na kukifunga kufuli, na akamwamsha usiku kwa kumgusa bega. Loveness alimwingiza Rebeka katika kikundi cha akina mama wanaowekeza pamoja, akazungumza na mwalimu mkuu mtoto asichekwe darasani, akamtembelea hata Deusdedit gerezani, jambo ambalo Scolastika hakulielewa.

"Huyo naye unamtunzia nini?" aliuliza.

"Siku moja atatoka, mama. Atarudi kwa watu. Ninataka arudi mtu gani?"

Scolastika alimtazama msichana yule wa viatu vya mpira. Alikuwa ameamini maisha yake yote kwamba waliojua kutengeneza watu wamekwisha, wamezikwa na mashamba yao yamechimbwa. Na huyu, aliyezaliwa juzi, asiye na ukoo hapa, aliyetoka shule za mjini, anauliza swali ambalo bibi yake Scolastika angeliuliza.

Mvua za kwanza zilikuta shamba la Rebeka halijaguswa. Deusdedit ndiye aliyelima, na kibarua hakupatikana, maana kila mwenye mikono alikuwa duarani, kwenye mashimo ya machimbo, akitafuta dhahabu. Zamani hilo lisingekuwa tatizo. Mwenye shida alilimiwa na kijiji, mistari ya majembe na nyimbo, bila malipo ila chakula. Desturi hiyo ilikufa karasha la kwanza liliposimikwa, na Scolastika alikuwa amekwisha kuiombolezea.

Asubuhi moja alisikia majembe. Alidhani anaota kitu cha utotoni. Akatoka, akaona wanawake wamejipanga mstari shambani kwa Rebeka, migongo yao ikishuka na kuinuka pamoja, udongo mweusi ukigeuka nyuma yao. Kulikuwa na wake wa wachimbaji. Kulikuwa na wazee wa kike waliokuwa hawajamsalimia tangu mvua za mwaka jana. Na mbele ya mstari, akilima vibaya sana, akiwa amefunga kanga kichwani, alikuwepo Mwamvua wa Ujiji.

"Nani amewaita?" Scolastika aliuliza.

"Mimi," alisema Mwamvua akihema. "Uliniambia mlikuwa mnalimiana. Nikawauliza hawa bibi zako, mbona hamlimiani? Wakasema wamesahau. Nikawaambia mimi mgeni, sijui kusahau mambo yenu. Acha kuniangalia hivyo, mgongo unaniua. Lete uji!"

Mwanamke mzee kuliko wote, ambaye alikuwa dada wa mzee Sostenes, aliegemea jembe lake. "Tulitoka kwa mwano," alisema. "Mwano haujakwisha mpaka aliyeibiwa amerudishiwa." Kisha akainama akaendelea kulima, bila kumsalimia. Lakini alikuwa amemsemesha.

Scolastika alipika uji siku ile kwa sufuria zote alizokuwa nazo.

Magoti ya Noela yalipona. Yalibaki na madoa, kama ramani. Alianza tena kupita alfajiri na ndoo yake kichwani. Na alipofika kibandani aliitua, akasimama wima, viganja pamoja.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mama. Umeamkaje?"

Angeweza kupiga magoti sasa. Hakupiga, na Scolastika hakuomba. Mchimbaji mmoja mgeni aliwahi kusema, "Mtoto huyu hana adabu," na Scolastika alimnyang'anya kikombe kikiwa nusu. "Adabu yake iko moyoni," alisema. "Yako iko tumboni. Nenda kanywe kwingine."

Siku ile inayostahili kusimuliwa mwishoni, mzee Sostenes alikuwa anapita njia ya kibandani kwenda zahanati. Hakuwa amepita pale tangu kesi. Alitembea kwa fimbo, kofia ya pama usoni, na watu kwenye gogo walishusha vikombe, maana kila mtu aliijua amri yake. Noela alikuwa ametua ndoo njiani. Hapakuwa na nafasi ya kupishana.

Mwamvua aliacha kupima dagaa. Scolastika alishika upawa. Kama mzee atamdai mtoto magoti, aliwaza, nitapiga mwano tena, na safari hii sijui nani atatoka.

Noela alimtazama mzee. Alisimama.

"Shikamoo babu."

Mzee Sostenes aliyatazama magoti yale, yenye ramani zake, chini ya pindo la gauni la shule. Kisha akavua kofia, ambayo hakuwa akiivua hata kanisani, akaishika kifuani.

"Marahaba, mjukuu wangu," alisema. "Umekula?"

"Bado, babu."

Mzee aligeuka kwenye kibanda. Ilionekana shingo ilikuwa nzito kuigeuza. Macho yake yalifika kwenye sufuria, yakapanda kwenye upawa, yakafika mwishowe kwa mwanamke aliyeushika.

"Mwangaluka, Scolastika," alisema. "Mpe mtoto uji. Na mimi."